Mafunzo na mkopo wa biashara kwa wakimbizi wapya hapa Kalobeyei: nyota nne kati ya tano

Naandika hii kwa sababu kila wiki kuna mtu ananisimamisha njiani, mama, ule mradi wa biashara nijiandikishe ama nitapoteza wakati wangu, na mimi naanza kueleza jua linachoma, mtoto mgongoni, jerikeni ya maji mkononi, naeleza nusu naachia hapo. Leo nimekaa, watoto wamelala, acha niandike yote. Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja waliyokosa nitasema ni kwa nini, juu iliniuma sana na bado inaumiza wengine.

Jina la shirika siandiki. Hapa kuna mashirika kadhaa yanayofanya kazi hii na mengi yanafanana, halafu walionisaidia ni vijana wa kuajiriwa tu wenye kandarasi ya mwaka, na walionikwaza ni hao hao, sitaki mtu apoteze kazi kwa ajili ya maneno yangu. Ukiwa huku Turkana, Kenya, Kakuma ama Kalobeyei, utaelewa nasema nini, ukiwa mbali chukua haya kama picha ya vile kazi hii inafanywa na vile ingefaa kufanywa.

Mimi natoka Baraka, Fizi, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika. Nilifika huku mwisho wa 2022 na watoto watatu na mama yangu mzazi. Kwa wasiopajua, kambi ya Kakuma ilianza 1992 na wakimbizi wa Sudan, na Kalobeyei ikafunguliwa 2016 hapo karibu ikiwa na wazo tofauti, kwamba mkimbizi na Mturkana mwenyeji wasome shule moja, watibiwe hospitali moja, wafanye biashara soko moja, badala ya mkimbizi kukaa anangoja lori la chakula. Ndiyo maana huku msaada ulikuwa unakuja kwa simu. Ile Bamba Chakula ilianza 2015, unaingia duka lililosajiliwa unachukua unga na mafuta, na Kalobeyei baadaye ikageuka ikawa pesa unayotumia popote unapotaka. Na biashara ziko, msidanganywe. Shirika la IFC la Benki ya Dunia lilitoa ripoti 2018 likasema Kakuma na mji wake kuna biashara zaidi ya 2,000 na pesa inayozunguka hapa kwa mwaka ni kama dola milioni 56. Mtu anayesema wakimbizi hukaa tu hajapita soko la Wasomali asubuhi, hajaingia ule mtaa wanaouita Hong Kong huko Kakuma 1 akaona maduka yamefuatana hadi miguu inachoka.

Sasa mimi kabla ya mradi nilikuwa tayari na biashara, ya mandazi. Nilianza mwezi wa pili baada ya kutoka risepsheni, pale wageni wanapokelewa, na karai ya kuazima na mafiga matatu. Kila siku nachoma, kila siku zinaisha, watoto wanashangilia, mama anasema Mungu ametukumbuka. Mimi nikijiona mfanyabiashara kabisa.

Siku ya tatu ya mafunzo mwalimu akasema kila mtu aweke biashara yake mezani, kitu kimoja kimoja. Hakuna kompyuta, hakuna kuandika ubaoni maneno magumu, alitupa vizibo vya soda, kizibo kimoja ni shilingi kumi, juu nusu ya darasa hawasomi na si kosa lao. Nikapanga. Unga pakiti ya kilo mbili shilingi 220. Mafuta nusu lita 150. Sukari 45. Hamira 20. Akaniuliza, na moto? Nikasema moto ni makaa tu. Akasema weka makaa. Makaa ya mkebe 100. Tukahesabu vizibo vya upande ule, vikafika 535 (zile shilingi tano tano tuliweka nusu nusu ya kizibo, alivikunja kwa mkono). Halafu upande wa pili, unga ule unatoa mandazi mangapi? Hamsini. Bei? Kumi kumi. Nikapanga vizibo hamsini. Shilingi 500.

Nikakaa kimya. Kina mama wengine pia wakanyamaza. Miezi mitano nilikuwa natoa shilingi 35 kila siku kwa mfuko wangu kulisha mtaa, na hapo bado hatujahesabu mandazi sita ambayo watoto wangu wanakula kila asubuhi na yale ya deni ya jirani. Nilikuwa sijui kwa sababu pesa ya chakula ikiingia kwa simu nanunua nayo unga wa mandazi, ndiyo ilikuwa inaziba lile shimo. Biashara ilikuwa inakula chakula cha wanangu na mimi nashukuru.

Mwalimu hakunicheka. Alisema mama, kosa si mandazi, kosa ni vile unanunua. Tukaungana wanawake watatu tukanunua unga kwa beli, furushi zima la pakiti, pakiti moja ikashuka hadi 185. Mafuta tukachukua mtungi wa lita ishirini tukagawana, nusu lita ikawa 125. Sukari tukapima vizuri ikawa 40. Makaa nikaacha mkebe nikanunua gunia kwa mama Mturkana anayepita na punda, ukigawanya kwa siku ni kama 57. Jumla 427. Faida 73. Si pesa nyingi, najua, lakini ni pesa ambayo ipo, na nilipoanza kuchoma pakiti mbili kwa moto ule ule ikapanda zaidi. Hiyo siku moja ya vizibo peke yake ingetosha mimi kuwapa nyota mbili.

Mafunzo yenyewe ni wiki sita, siku mbili kwa wiki, asubuhi. Tulikuwa watu thelathini, Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wasudani, Wasudani Kusini, na Waturkana wenyeji pia walikuwemo, kitu ambacho nakisifu kwa sababu ukisaidia mkimbizi peke yake na mwenyeji anaangalia na shida yake ni ile ile, unatengeneza chuki. Wanafundisha kwa Kiswahili na kuna mkalimani wa Kisomali na wa Kiarabu cha Juba. Nje kuna kivuli, kuna mama analipwa kukaa na watoto wadogo. Ndugu zangu, hicho kivuli ndicho kilinifanya nimalize. Kuna semina nyingi hapa ambazo mama mwenye mtoto anayenyonya anajiandikisha, siku ya pili harudi, halafu wanaandika kwamba wanawake hawana bidii.

Mambo mengine ya darasani nitapita haraka, kuna somo la kuweka akiba, kuna somo la kuongea na mteja, kuna siku nzima ya kuandika mpango wa biashara ambayo sikuona faida yake, tulijaza kurasa nane kwa Kiingereza, mkalimani anatuandikia, na sijawahi kuzifungua tena.

Kitu ambacho nataka watu wakielewe ni hiki cha pili, wao wanaita kukaa kaunta. Baada ya darasa wanakupeleka wiki tatu kwa mfanyabiashara wa zamani, unakaa naye dukani, unauza naye, unafunga naye jioni. Yeye analipwa kidogo, wewe hulipwi ila unapewa chai na chakula cha mchana. Mimi nilipelekwa kwa mama Msomali ambaye yuko Kakuma tangu akiwa msichana. Nilikuwa na wasiwasi, lugha tofauti, dini tofauti, nikasema huyu atanifanya mfagiaji. Siku ya kwanza kweli nilifagia. Lakini siku ya kwanza hiyo hiyo jioni alinionyesha kitu. Yeye hununua sukari gunia la kilo hamsini anapima robo robo kwa karatasi za nailoni. Chini ya mizani anatandika shuka safi. Kila ukipima chembe zinamwagika kidogo, huoni hata. Jioni anakunja shuka pembe nne, anakung'uta polepole kwa bakuli. Wiki ikiisha anapima lile bakuli, karibu nusu kilo. Akaniambia kwa Kiswahili chake, hii ni salio ya simu ya mwezi. Mimi nilikuwa nimefundishwa wiki sita juu ya kupunguza hasara, nikaielewa pale kwenye shuka.

Deni ndiyo somo kubwa zaidi nililopata kwake. Hapa kila duka linauza kwa deni, ukikataa deni hauna wateja, kwa sababu msaada wakati ule ulikuwa unaingia mara moja kwa mwezi na tumbo linadai kila siku. Ukikaa dukani mwezi mmoja ulikuwa unaona kabisa, siku pesa inaingia foleni hadi nje, tarehe ishirini watu wanapita wanasalimu tu. Sasa wafanyabiashara wengi wanashika kadi ya mteja ama laini yake ya simu kama rahani, pesa ikiingia anajikata mwenyewe, na mteja hawezi tena kwenda duka lingine hata kama kule bei ni nafuu. Huyu mama hakushika kadi ya mtu hata mmoja. Alisema ukishika kadi ya mama mwenye watoto watano, siku mtoto anaugua atakuja kwako kulia, na wewe utamwambia nini. Badala yake alikuwa na daftari, kila nyumba ukurasa wake, na kila nyumba kikomo chake kulingana na watu waliomo. Watu watano, deni haipiti kiasi fulani. Ikifika hapo, anakupa chumvi na kiberiti bure, unga hakupi. Nilimwona akimkatalia jirani yake wa ukuta kwa ukuta kwa upole kabisa, na kesho yake wakanywa chai pamoja.

Kuna pia mambo ya heshima ambayo hakuna darasa lingenipa. Mzee wa Kiturkana akiingia usikimbilie kumuuliza anataka nini, mwambie kwanza ejoka, ngoja ajibu ejok, ndipo biashara. Sasa nina wateja Waturkana wanaoruka maduka matatu kuja kwangu kwa hilo neno moja.

Kwa hivyo hapo, nyota nne. Ukiuliza mimi, hizi programu zote za kusaidia wakimbizi wapya kuanza biashara zingeweka nguvu nyingi kwa kaunta kuliko kwa darasa na hata kuliko kwa mkopo. Mtu mpya hajui ni nani analipa na nani halipi, hajui lori la Kitale linafika siku gani, hajui mwezi una siku gani za njaa. Hayo yote yako kwa kichwa cha aliyetangulia, na aliyetangulia akilipwa kidogo kwa wakati wake anafundisha kwa moyo.

Sasa nyota iliyokosekana.

Nilipitishwa mkopo Septemba 2023. Shilingi 40,000, unarudisha 4,200 kila mwezi kwa miezi kumi, ukijumlisha ni 42,000. Hayo masharti sina shida nayo, hapa mtaani ukikopa kwa mtu binafsi utalia. Shida ni kwamba pesa niliishika Februari 2024. Miezi mitano. Kwa nini? Kwa sababu pesa inatumwa kwa laini ya simu iliyo kwa jina lako, na laini yangu ilikuwa imesajiliwa kwa jina la jirani, kama wageni wengi, kwa sababu mgeni akifika hana kitambulisho cha mkimbizi, ana karatasi tu ya kuandikishwa, na kwa karatasi hiyo ni vigumu kupata laini yako. Halafu wanataka PIN ya KRA, ile namba ya mamlaka ya kodi, ambayo nayo inataka kitambulisho. Haya yote yanajulikana. Kila mfanyakazi wa ile ofisi anayajua. Lakini siku ya kujiandikisha hakuna aliyeniambia, mama, anza kufuatilia kitambulisho leo, kwa sababu bila hicho utamaliza mafunzo ukae. Niliambiwa siku ya kutia sahihi. Halafu ikawa njoo Jumatatu, njoo Jumatatu, na kila Jumatatu ni kilomita za kutembea ama pikipiki ya kwenda na kurudi, pesa ya mandazi inaishia kwa bodaboda.

Darasa letu watu sita waliacha hapo katikati. Mmoja alikuwa kijana Mrundi fundi wa viatu, mikono yake nzuri sana, alikuwa ameshapata mahali pa kuweka kibanda. Alingoja miezi mitatu, akaenda kutafuta kibarua cha matofali. Huyu ndiye ninayemfikiria kila nikitaka kuwapa nyota ya tano. Kuandika karatasi moja ya vitu vinavyohitajika, kwa Kiswahili, Kisomali na Kirundi, ukaibandika mlangoni, inagharimu nini? Na sheria iko upande wetu siku hizi, ile Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliyoanza kutumika 2022 inasema mkimbizi anaweza kufanya kazi na biashara, na kibali cha kazi cha daraja la M mkimbizi halipii. Lakini sheria haifiki kwa mtu mpya isipokuwa kuna mtu wa kumshika mkono amwonyeshe mlango.

Kitu kingine ambacho kiliniudhi, tulipomaliza darasa watu kumi na mmoja kati ya thelathini tuliandika mandazi ama chapati. Kumi na mmoja, kijiji kimoja! Hakuna aliyesimama kusema ngojeni. Ilikuwa hadi yule afisa wa kutembelea maduka alipokuja kwangu, kijana mdogo, ana heshima, akakaa kwa ndoo iliyopinduliwa akaniuliza, mama, watu wa kwenu wanatamani kula nini ambacho hapa hawapati? Sikufikiria hata. Nikasema mawese na ndagala, yaani mafuta ya michikichi na dagaa wa kwetu. Nikajikuta machozi yananitoka, juu niliona meza ya mama yangu kule Baraka. Akasema basi uza hicho.

Na ndicho ninachouza hadi sasa. Mawese inatoka Kongo inapita Uganda, kuna dada wa kwetu Kampala anapakia jerikeni kwa basi, mimi napokea Kitale. Ndagala wa Tanganyika ni ghali, nawaleta kidogo kwa wanaojua tofauti, wengine wananunua omena wa Victoria ambao wana uchungu kidogo lakini ukiwaosha kwa maji moto na kuwakaanga vizuri wanaenda. Mzigo wa kwanza wa mawese niliufuata mwenyewe. Kutoka hapa hadi Kitale mkimbizi anahitaji pasi ya kusafiri, na pasi niliingoja siku tisa, jerikeni ziko stoo ya watu kule zinahesabiwa kodi ya kila siku. Mradi haukunisaidia kwa hilo hata kwa barua, ingawa mpango mpya wa mawese waliupitisha wao na ndani yake imeandikwa Kitale. Kama unampa mtu mkopo wa kununua mali Kitale, basi msaidie afike Kitale. Nina yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, yuko kambi ya Nakivale Uganda, yeye anapanda gari anaenda Mbarara kuchukua bitenge anarudi jioni, kule sheria yao ya 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, na nikiongea naye kwa simu naona vile hiyo pasi peke yake inatofautisha biashara zetu.

Nilipofika Kitale asubuhi na baridi ile, nikafungua jerikeni nikakuta mawese imeganda, ya rangi ya chungwa, ngumu kama samli. Nikasema nimeibiwa, wamenipa iliyooza. Nilikaa kwa stendi moyo unadunda, shilingi elfu kumi na nane za mkopo ziko mbele yangu zimeganda. Nikapiga simu kwa mama, akacheka, akasema mwanangu, iko inasikia baridi tu, peleka kwa jua. Tulipopita Lodwar mchana nikagusa jerikeni, inacheza ndani kama maji. Nilipofungua hapa kijijini harufu ikatoka, mzee mmoja wa Uvira alikuwa anapita akasimama, akauliza ni nini hiyo nasikia. Siku tatu jerikeni mbili zikaisha.

Ndugu zetu Waislamu nao wana neno lao na nataka lisikike. Darasani tulikuwa na Wasomali na Wasudani ambao walikaa wiki zote sita halafu mkopo wakaukataa, kwa sababu zile 2,000 za juu kwao ni riba, hata ukiziita ada. Shirika lilikuwa halijaandaa njia nyingine. Baadaye waliongeza njia ya kukununulia mali halafu unalipa bei iliyokubaliwa polepole, ambayo wengi wameikubali, lakini kundi letu lilikuwa limeshapita. Yule mama wa kaunta yeye tangu zamani anatumia ayuuto, wanawake kumi wanachanga kila wiki mmoja anabeba. Sisi kwetu ni likelemba, kitu kile kile. Wahabeshi wana ekub, Wakenya wana chama. Unaona? Kila mtu aliyeingia hapa kambini alikuja na benki yake kichwani, na mradi ungeanza kwa kuuliza hiyo.

Halafu 2025. Hapa nitaandika polepole kwa sababu bado ni kidonda.

Katikati ya mwaka rashoni ilishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili na pesa ya simu ikasimama. Baadaye familia zikapangwa makundi manne kulingana na shida zao, kundi la nne likawa halipati kitu. Mimi nikawekwa la tatu. Watu wakafikiri njaa ni ya wasio na duka, lakini duka nalo lilikufa njaa. Daftari langu lilikuwa na nyumba ishirini na sita. Ukurasa kwa ukurasa nikaona wale wale wanaolipa kila mwezi bila kukosa wanakuja usiku, hawataki kuonekana, mama nisaidie kikombe cha unga. Kile kikomo cha mama Msomali nilikivunja. Ndiyo, nilikivunja, kwa nyumba tisa zenye watoto wadogo, na sijutii. Lakini mali ikaisha.

Mkopo wa kwanza nilikuwa nimemaliza na nilikuwa nimechukua wa pili wa 60,000. Nikaenda ofisini kuomba wasimamishe malipo miezi mitatu. Nikaambiwa mkataba ni mkataba. Kijana aliyekaa pale ni mpya, yule wa ndoo alikuwa ameshahamishwa kandarasi ikiisha, hakuna anayejua jina langu wala duka langu. Tulirudi watu kumi na wanne na barua moja, mzee mmoja mwalimu aliiandika, tukaeleza kwamba hatukatai kulipa, tunaomba kungoja kwa sababu wateja wetu wamekatwa chakula na wala si sisi tulioharibu. Baada ya wiki nne wakatupa miezi miwili. Nashukuru kwa hiyo miwili. Lakini wenzetu watatu ndani ya hizo wiki nne walikuwa wameuza mizani na friji zao ili walipe, na mtu akiuza mizani hiyo biashara imeisha. Shirika linalofanya kazi kambini linajua kabla yetu kwamba msaada utakatwa, wanakaa mikutano hiyo. Kipengele cha kusimamisha malipo wakati rashoni inapokatwa kingekuwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza.

Kilichonishikilia mimi kipindi kile ni sanduku. Kikundi chetu cha akiba tuko wanawake kumi na tisa, Wakongomani, Warundi na Waturkana wanne, tuna lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, tunakutana Alhamisi. Kikundi kilianzia kwa mafunzo haya, hilo nalo niwape heshima yao. Nilikopa pale 5,000, nikarudi kwa mandazi, karai ile ile, nikinunua kwa beli. Mandazi ndiyo yalilisha nyumba hadi mawese ikaanza kutembea tena. Sasa duka liko, si kama zamani, lakini liko, na jerikeni nne ziko njiani wiki hii.

Serikali inasema mambo yatabadilika, ule mpango wake unaoitwa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja, ulizinduliwa Machi 2025, Kakuma na Kalobeyei zimepewa hadhi ya manispaa. Sisi tunangoja kuona kama pasi ya Kitale itaendelea kuchukua siku tisa.

Kwa hivyo wewe unayeniuliza njiani, ndiyo, jiandikishe. Lakini fanya hivi. Wiki unayotoka risepsheni anza kufuatilia kitambulisho, usingoje mradi ukuambie, na kila karatasi unayopewa piga picha kwa simu. Laini ya simu iwe ya jina lako mara tu unapoweza. Usikope mwezi wa kwanza, uza kwanza kitu kidogo kwa pesa yako hata kama ni nyanya mafungu matano. Siku ya kuandika biashara uliza darasani wangapi wameandika kama wewe, wakizidi watatu fikiria tena. Na kabla ya kutia sahihi waulize kwa sauti, mbele ya wengine, rashoni ikikatwa tutafanya nini na haya malipo, wakusomee ilivyoandikwa.

Wanaandikisha Jumanne na Jumatano asubuhi, fika mapema kabla ya saa mbili juu kivuli kinajaa. Ukipelekwa kukaa kaunta kwa yule mama Msomali, msalimie, na umwambie shuka langu la sukari bado nalikunja pembe nne.